Nyepesi Kuliko Hii

Mzee mwindaji haingii dukani kabla ya kukung'uta viatu mlangoni, ingawa siku hizi havina tope la mlimani. Huvua kofia, husalimia, kisha huomba kilekile: bunduki ya komeo, nyepesi, ya kupandia mlima. Mama muuza bunduki, ambaye wateja wengine huwajibu kwa mkato, humtolea bila haraka. Mzee huipokea kwa viganja viwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyelala, hufumba macho, huipima. Halafu hulivuta komeo na kulirudisha taratibu, vidole vikiijua njia. "Siku hizi mnazitengeneza kwa mawe, mama?" hutania. "Hii itanikata bega kabla sijafika juu." Mwaka jana aliomba mkanda uvuliwe. Aliporudi, aliomba na darubini iondolewe.

Leo ameegemea kaunta kwanza, akihema, ndipo akasalimia. Mama akampa iliyo nyepesi kuliko zote dukani. Mzee akatikisa kichwa, macho ameyafumba. Mama akageuka, akachukua kitako kitupu cha bunduki kilichokuwa kikingoja vanishi, kipande cha mbao tu, hakina mtutu wala komeo, akamwekea viganjani. Mikono ikashuka polepole mpaka ikatua juu ya kaunta.

"Afadhali," akasema, bado hajafumbua macho. "Ila bado ina uzito kidogo, mama. Ukipata nyingine, niwekee."