Kengele Iliyolia Kama Sufuria ya Elia

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mwandiga. Ringi ya gurudumu la lori inagongwa kanisani, ngo, ngo, ngo, na Elia Gervasi anaacha kuvukuta moto. Anasimama na mpini wa mvukuto mkononi mpaka ringi inyamaze, kisha anaendelea na kazi yake.

"Ile ringi inanisema mimi," anasema, wala hakuna aliyemuuliza.

Elia ana miaka hamsini na minane na kazi yake ni kuyeyusha pistoni za magari mabovu na kuzigeuza sufuria. Anaengua uchafu unaoelea juu kwa kijiko kirefu cha chuma, anamimina uji wa moto kwenye kalibu ya mchanga, halafu anasubiri. Kwa siku hutoa sufuria sita, siku ya heri nane. Ndogo anaiuza shilingi elfu mbili, na wapo wateja wanaotaka wapunguziwe hata hiyo.

Kwa miaka kumi na tisa waumini wenzake hawakumwita fundi. Walimwita Bezaleli, yule fundi wa kwenye Maandiko ambaye Mungu alimjaza ujuzi wa dhahabu, fedha na shaba atengeneze vyombo vya hema. Jina alilipata alipolitengenezea kanisa sahani za sadaka. Na tuseme ukweli, alilipenda jina kuliko alivyozipenda sahani.

Mwaka jana, 2003, jina likahama.

Mchungaji Oswald alikwenda kuhubiri katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi, huko upande wa Kasulu. Akakuta kwaya inaitwa kwa kengele ndogo ya shaba, sauti yake tamu mno. Aliyeitengeneza ni Calixte Nizigiyimana, kijana wa miaka thelathini na minne, mtoto wa mfua shaba wa Bujumbura. Mchungaji alirudi Mwandiga na wimbo mmoja tu: kanisa liache kugonga ringi ya lori, Calixte aombewe kibali cha kutoka kambini wiki mbili, atengeneze kengele.

"Mimi nilishamwambia Mchungaji kengele nitatengeneza mwenyewe," anasema Elia, akikwaruza mchanga kwa kidole cha mguu. "Ni kweli shaba sijawahi kuimimina. Moto wake si wa mchezo. Lakini ningejifunza! Miaka kumi na tisa, hata kuniuliza?"

Calixte alipofika, watu walimkumbatia. Honorata, mama wa kwaya, alimpelekea ugali na samaki wa mgebuka mchana na jioni. Jumapili ya kwanza Mchungaji akamsimamisha mbele ya kanisa na kusema, "Huyu ndiye Bezaleli wetu." Elia alikuwa ameketi benchi la pili. Anasema alishindwa hata kuitikia amina.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema. "Mimi mwenyeji niliugua."

Mkewe, Recho, anacheka kwa uchungu akimenya mihogo. "Usiku alikuwa halali usingizi. Namwambia, Baba Regina, huyo mtoto wa watu hana nchi, hana kiwanja, ana mikono tu. Unamwonea wivu wa nini? Ananijibu, 'Hiyo mikono ndiyo naionea wivu.'"

Wiki ile Mchungaji alihubiri juu ya madini. Dhahabu, alisema, ni imani iliyopita motoni. Fedha ni neno la Mungu, lililosafishwa mara saba. Shaba ni madhabahu, mahali pa kumalizia hatia. Na risasi? Risasi haikupata sifa: jeshi la Farao lilizama baharini kama risasi. Waumini wakatikisa vichwa. Elia akaondoka na hilo la mwisho tu.

Kisha ikaja Jumapili ya kutoa. Kama wanawake wa Israeli walivyotoa vioo vyao vya shaba, wanawake wa Mwandiga walileta koki za mabomba, kufuli, vitako vya taa. Recho alivua bangili ya shaba aliyoachiwa na marehemu mama yake, akaiweka kapuni. Baraza la wazee likamteua mtu wa kupima na kuchambua, maana si kila king'aacho ni shaba. Nani mwingine anayejua vyuma kama Elia?

Hapo ndipo alipofanya alichofanya. Alinunua kwa wavuvi risasi za kuzamishia nyavu, akazigonga zikawa bapa, akazishindilia ndani ya koki na kufuli, akaziba midomo. Kilo mbili kasoro, kwenye kengele ya kilo kumi na nne.

"Shaba yenye risasi nyingi hailii," anaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulisema hilo mbele ya watu. "Hilo nililijua tangu ujana. Nilitaka ile kengele iwe bubu, Mrundi arudi kambini, na mimi nirudishiwe jina langu."

Calixte akayeyusha, akamimina kengele. Siku ya kuitundika, kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji akavuta kamba. Kengele ikasema: dufu. Akavuta tena. Dufu. Honorata, ambaye mdomo wake hauna kitasa, akapaza sauti: "Ah! Hii si kengele, hii ni sufuria ya Elia!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Elia naye akacheka, maana angefanyaje? Lakini anasema kicheko kile kilimchoma kuliko moto wa mvukuto. Alikuwa amemchimbia mwenzake shimo, na jina lililotumbukia lilikuwa lake.

Calixte hakucheka. Wazee walipomuuliza kulikoni, alijibu, "Kosa ni langu. Moto wangu ulipungua."

Kesho yake asubuhi, kibali kikiwa kimebakiza siku moja, alipita kwa Elia kuaga. Alimwamkia shikamoo kama kawaida, akakaa, akanywa chai ya Recho. Alipoinuka akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Mzee Elia, hizi ni za kwako. Zilitoka juu ya kengele ilipokuwa inapoa, zilitoka kama jasho. Zitafaa kwa nyavu. Amahoro, amani kwako, mzee."

Ndani ya karatasi mlikuwa na punje tatu za risasi.

"Alijua!" Elia anapiga goti lake kwa kiganja. "Alijua tangu kalibuni, akabeba aibu yangu mbele ya watu, akanywa na chai yangu! Angenitukana ningepona. Sasa nikamwonea wivu mara mbili. Kwanza mikono yake, halafu moyo wake."

Alikaa na zile punje miezi mitatu. Siku moja Recho aliisikia kengele ikijaribiwa tena, dufu, akasema polepole, "Bangili ya mama imo mle." Jumapili iliyofuata Elia alisimama bila kuitwa. Aliwakumbusha waumini kwamba Maandiko yana mafundi wawili, Bezaleli, na Iskanda mfua shaba aliyemtendea Paulo ubaya mwingi. "Mmekuwa mkikosea jina langu," akasema. "Mimi ndiye Iskanda."

Wazee walimtenga na Meza ya Bwana miezi sita. Ringi ya lori ikarudishwa mtini. Kengele bubu iko nyumbani kwake, pembeni ya tanuru, amefungua kitanzi cha kuitundikia tu. Kuiyeyusha hawezi, maana risasi iliyokwisha kuchanganyika na shaba yeye hana ujuzi wa kuitoa.

Kwa hiyo anakusanya shaba upya, kwa jasho lake. Alhamisi hufunga kazi na kwenda Kidahwe, au Ujiji, na mara moja amepanda boti mpaka Kagunga, akibadilisha sufuria mpya kwa koki mbovu. Amefikisha kilo tisa. Zimebaki tano, na muda ni mfupi: Calixte amejiandikisha kurudi kwao, na msafara wake unaondoka Agosti. Mchungaji ameomba kibali kingine. Calixte amejibu kwamba atakuja, na kwamba ile bangili iliyomo kwenye kengele bubu anajua namna ya kuikomboa, ila itataka moto wa siku mbili na mtu wa kuvukuta asiyechoka.

Mtu huyo ni Elia. Kuvukuta ni kazi ya anayeanza ufundi, na ameiomba mwenyewe.

Nao wivu, je, umekwisha?

Elia anacheka, anachukua kijiko chake kirefu na kuengua uchafu juu ya chungu.

"Uishe uende wapi? Siku ile kengele ikilia vizuri, watu watasema Calixte. Hakuna atakayesema Elia. Na roho itaniuma, nakwambia, itaniuma sana." Anamimina, taratibu, mpaka kalibu inajaa. "Lakini nataka ilie. Nataka niumie huku naisikia."