Bibi, Mzazi na Hita ya Gesi

Wenzangu mliokulia Shinyanga miaka ile ya sabini, mtanielewa nikisema kwamba maji ya moto yalikuwa kazi ya mtu mzima. Kuni zilikuwa hadithi. Miti ilikwisha kukatwa zamani ili kupata mashamba ya pamba na kufukuza mbung'o, ukisimama nje ya mji unamwona ng'ombe aliye mbali mpaka unachoka kumtazama. Tulipikia mabua ya pamba, ambayo huwaka kwa fujo na kwisha kabla sufuria haijapata habari, na yakikosekana tunaokota mavi makavu ya ng'ombe. Mtu akikuchemshia debe zima la kuoga, ujue anakupenda. Siku hizi mjukuu wangu akifungua bomba, maji moto yakachelewa kidogo tu, anauliza nyumba hii ina matatizo gani.

Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa Ibadakuli. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe zilielea hewani kutwa nzima, zinatua kwenye nywele, kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa, na sisi watoto tunarudi nyumbani na mvi kabla ya wakati. Mipira yetu ya rede tuliijaza pamba safi, tena daraja la kwanza, mpira ambao leo hata dukani huupati. Ndege ikipita kwenda kutua kiwanjani darasa zima lilihamia madirishani, na mwalimu alishajua hakuna la kufanya ila kusubiri. Tukitoka shule tulipitia kwa jirani yetu Mama Kulwa, Msukuma mwenye mikono mipana na moyo mpana zaidi, akatugawia michembe aliyoichemsha na karanga. Utamu wa kile kiazi kikavu bado uko mdomoni mwangu. Watoto wa leo ukiwapa michembe wanaigeuza geuza na kuuliza kama imeisha muda wake.

Mwaka ule mama alipokuwa mjamzito wa mdogo wetu Idi, tulipewa nyumba iliyoachwa na meneja mmoja wa zamani, Mgiriki aliyekwisha kurudi kwao. Ilikuwa na sakafu nyekundu, na bafu ndani ya nyumba, na ukutani mwa bafu hilo hita ya gesi. Lilikuwa sanduku jeupe la bati lenye kidirisha, limeunganishwa na mtungi ulioletwa kwa treni. Baba alifungua gesi, akawasha kiberiti huku kichwa amekigeuzia mlangoni, moto ukashika kwa kishindo kidogo, na tulipofungua bomba yakatoka maji ya moto. Majirani walikuja kutazama. Mama Kulwa alinawa mikono, akanawa tena, akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, maji yanachemka na sufuria hakuna." Kisha akaomba ndoo moja ya kwenda nayo kwake.

Mama alipojifungua, baba alimleta mama yake kutoka Tabora kuja kumlea mzazi. Bibi yangu alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, anayenukia udi na mafuta ya nazi, na katika mambo ya uzazi hakuwa na mjadala. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mzazi hukandwa tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto, asubuhi na jioni, maji yenye majani ya mwarobaini. Mzazi hunywa uji wa pilipili manga hata kama analia. Na juu ya yote, mzazi asipigwe na upepo, kwa sababu mifupa yake iko wazi. Alituimbia hilo la upepo mpaka sisi wenyewe tukawa tunafunga milango mbio kila tukiona jani linatikisika.

Basi kila mara kabla ya kumwogesha mama, Bibi alilitengeneza lile bafu. Juu ya ukuta kulikuwa na safu ya matundu ya hewa, naye aliyaziba moja moja kwa vipande vya kanga kuukuu. Dirisha alilitundikia blanketi. Chini ya mlango aliweka gunia lililokunjwa. Kisha hita inawashwa, maji yanatiririka, mvuke unajaa, na tukiwa nje tunamsikia Bibi akimsomea mama dua kwa sauti ya chini huku anamkanda.

Lakini mama hakuwa anapata nafuu. Kila akitoka bafuni alitoka ameshika ukuta, kichwa kinamgonga, anatapika uji wote. Akilala kidogo chumbani anapata nguvu, ikifika jioni anakandwa, anarudi kule kule. Zahanati walimpima wakampa vidonge vya damu na kumwambia apumzike. Bibi naye alikuwa akiumwa kichwa, akasema ni uzee. Aliamini kuna mahali upepo unapenya, na kila mama alivyozidi kuugua ndivyo yeye alivyozidi kutafuta tundu la kuziba. Hata ufa wa mlango aliupaka udongo.

Baba alianza kuitilia shaka hita, maana ukuta wa juu yake ulikuwa unapata weusi. Akamwita Fundi Masunga, mtu wa makamo aliyewahi kuhudumia hita za aina ile kwenye nyumba za mgodi wa almasi. Sasa hapo ndipo ustaarabu wetu ulipotuponza. Mwanaume mgeni anaingia bafu la mzazi; Bibi angekubalije akute nguo za mkwewe zimetapakaa mle? Kabla fundi hajavuka kizingiti alikwisha kuondoa kila kitambaa, kanga za kwenye matundu, blanketi, gunia, akadeki, akafukiza udi. Fundi alikuta bafu linapigwa upepo kama uwanja wa mpira.

Alifanya kazi nzuri, hilo sitaki asingiziwe. Alifunga mtungi, akafungua lile sanduku, akatoa masizi na utando wa buibui, akazibua vitundu vinavyotoa moto kwa waya mwembamba, akalowesha kwa siki bomba lililojaa chokaa ya maji yetu ya chumvi. Kisha akaomba sabuni. Sabuni wakati huo ilikuwa haionekani, lakini Bibi alitoa kipande chake alichokifunga kwenye leso. Fundi akapaka povu kila kiungo cha mpira wa gesi, akangoja aone kama litavimba kwa gesi inayovuja, halikuvimba. Akawasha. Moto ukawaka bluu, umetulia. Akasema hita ni nzima, akanywa chai, akaaga.

Kesho yake asubuhi Bibi alirudisha vitambaa vyake vyote na kumwingiza mama bafuni. Tulikuwa uani tunacheza mdako tuliposikia kitu kizito kinaanguka. Mlango ukafunguka, Bibi akatoka kinyumenyume akimburuta mama kwa makwapa, naye mwenyewe nguvu zinamwishia, wakaanguka wote wawili kwenye korido. Mama alikuwa amelegea, macho nusu wazi. Nilidhani amekufa. Nimezika watu wengi tangu siku ile, lakini hofu kama ile sijaiona tena. Mama Kulwa aliruka ua, akambeba mama peke yake hadi barazani, tukampepea kwa ungo, na taratibu, kwenye upepo ule ule aliokatazwa, akavuta pumzi na kuuliza mtoto yuko wapi.

Wanawake waliokuja kumjulia hali walinong'ona. Mama mkwe mgeni, mzazi anazidi kuisha mikononi mwake, mnajua wenyewe watu wanavyopenda kuunganisha mambo. Bibi aliyasikia. Alizidi tu kushika tasbihi yake.

Baba alimrudisha Fundi Masunga mchana ule ule. Alikuja uso umemshuka. Akawasha hita, moto bluu. Akakaa chini akautazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Bibi, akamwamkia tena shikamoo ingawa alikwisha kumwamkia, akamwomba kwa adabu amtengenezee bafu kama anavyolitengeneza siku zote akimwogesha mzazi, asiache kitu.

Bibi alifurahi kuulizwa. Alikwenda kuleta furushi lake akaanza kumwonyesha, akieleza kila hatua kama anamfundisha mwari. Hapa unaziba hivi, unasukuma kwa kidole mpaka ndani. Hapa blanketi, pembe mbili juu. Gunia unalilowesha kidogo ili likae. Alikuwa anajivunia, na alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa ameziba kwa ustadi wa miaka yote ya kulea wazazi wa Tabora. Mimi na baba tulisimama mle ndani, karibu na mlango. Nilimwona fundi akimtazama Bibi, kisha akautazama moto, nao ulikuwa umeanza kuinuka na kugeuka njano. Akanyoosha mkono akaufunga, akafungua mlango, akamshika Bibi kiwiko akamtoa nje.

"Mama," alimwambia, "umeziba vizuri, sijaona mtu anaziba hivi. Ila humo ndani mnakuwa watatu. Wewe, mzazi na huu moto. Na moto unavuta hewa kuliko nyinyi wawili. Ukiikosa, unatoa sumu isiyo na harufu."

Bibi alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Fundi alijibu kwamba aliyeifunga hita ndani ya bafu hakujua habari za mzazi. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya mtu anayependa upepo. Kosa ni pale ilipowekwa, na yeye ataiondoa pale.

Na kweli aliiondoa. Alitoboa ukuta, akaihamishia nje, barazani nyuma, akaijengea kibanda cha bati kilichofungwa upande wa upepo na kuachwa wazi upande mwingine, na bomba la maji tu ndilo likaingia bafuni. Povu likapakwa tena kwenye kila kiungo. Alipomaliza akamwambia Bibi kwamba sasa anaweza kuziba hata tundu la sindano, hakuna neno.

Bibi hakuinuka. Maji yalikuwa tayari, majani ya mwarobaini tayari, naye amekaa kwenye mkeka chumbani mikono mapajani, anaitazama kama si yake. Alimwambia baba amtafutie tiketi ya treni arudi Tabora, na Mama Kulwa amalizie zile siku arobaini. Baba alimbembeleza, akashindwa. Mama Kulwa alikataa katakata, akasema yeye hawezi kuingilia mkono wa mama mkwe. Mtoto analia, maji yanapoa, nyumba nzima imekwama.

Ndipo tukasikia mama akiinuka kitandani. Alikuja mwenyewe, akijishikilia ukuta, kanga moja tu mwilini, akasimama mbele ya Bibi. Akaiweka kando ile haya ambayo mkwe huwa nayo mbele ya mama mkwe, akamkalia miguuni pale mkekani kama mtoto.

"Mama, nikande," alisema. "Ukiondoka sitakandwa na mtu."

Bibi alilia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, na sikumwona tena. Kisha akamshika mama mkono wakaenda bafuni, na tulimsikia akiziba, anaziba na kuziba, halafu maji yakaanza kutiririka na dua ikafuata. Mama alitoka amekuwa mwekundu usoni, jasho linamtoka, akala bakuli zima la uji akaomba jingine. Arobaini zilipokwisha hakuna aliyezungumzia tena tiketi. Bibi alikaa nasi mpaka Idi akaanza kutembea. Wanawake wa kunong'ona wakaanza kumletea binti zao awashauri, na kila aliyekuja alihojiwa kwanza kama kwao moto unawashwa ndani au nje.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini hakuogopa. Akaniambia aliogopa sana. Lakini alimwona mama mkwe wake pale mkekani, akajua akimwachia aondoke siku ile, yule mwanamke asingethubutu tena kumshika mzazi wala mtoto mchanga mpaka anakufa.

Mwaka jana binti yangu alijifungua huko Mwanza. Nilifunga safari na furushi langu la kanga kuukuu, na majani ya mwarobaini kwenye mfuko wa plastiki. Nyumba yake ni nzuri, ya vigae, na bafuni kuna kitu cha umeme kidogo kama bakuli, unabonyeza maji yanatoka moto. Mle hamna moto wa kugombania hewa na mtu. Daktari wake alimwambia aoge kawaida, atembee, afungue madirisha, na mimi sipingi, maana nimeona kwa macho yangu madirisha yanafaa nini. Alinipokea kwa furaha, akanikalisha kwenye kochi, akanipa rimoti. Nilipomwambia maji yawe moto nimkande, alicheka akanibusu shavuni. "Pumzika mama, umetoka mbali," aliniambia. "Nitaoga tu mwenyewe."

Alikuwa ananihurumia nisichoke. Akaingia bafuni akafunga mlango, nami nikakaa pale sebuleni, mikono mapajani, nikisikiliza maji yakimwagika.