Glasi Mbili za Iodini

Nimewaona wengi wanaojidai kujua kemia, lakini yule wa Makindye alizidi. Tulikuwa tumebaki wawili, nafasi ya ualimu ni moja, na kila mmoja alitakiwa kufundisha somo lilelile mbele ya hedimasta na darasa zima. Shule yangu ya Kawempe ilikuwa imefungwa, mimi nimekaa nyumbani bila kazi, na mama yangu anahitaji dawa kila nikimrudisha hospitali ya Mulago. Wallahi kazi ile niliitaka kwa roho yote.

Yeye alitangulia. Tai nyekundu, viatu vinang'aa, sauti ya mtangazaji wa redio. Somo lilikuwa asetoni, hiyohiyo ya kufutia rangi ya kucha, inavyomenyuka na iodini ndani ya asidi. Akachora hatua ubaoni kwa chaki za rangi: kwanza asetoni na iodini zinagongana polepole, kisha inafuata hatua ya haraka, mishale imepindwa kama nyusi za bibi harusi. Mwishowe akajumlisha hatua zake, na jumla ikalingana na mlinganyo wa mmenyuko wenyewe.

"Mmeona? Imethibitika."

Darasa likapiga makofi. Hedimasta, mwanajeshi mstaafu ambaye shule nzima ilimwita Afande, naye akapiga.

Imethibitika nini, jamani? Kujumlisha hata mtoto wa chekechea anajumlisha. Hatua zikijumlika vizuri ndiyo kwanza unaanza kuzihoji: je, hiyo ya polepole inakubaliana na kasi unayoiona kwa macho? Bwana huyu hakuwa ameona chochote. Alikuwa amekariri, tena alikariri vibaya.

Zamu yangu ilipofika sikugusa chaki. Niliweka glasi mbili mezani, asetoni na asidi sawasawa, ila ya pili niliitia iodini maradufu. Nikawaambia wanafunzi: kama iodini imo kwenye hatua ya polepole, ikizidi iodini na kasi itazidi, kwa hiyo rangi ya kahawia ya iodini itapotea kwenye glasi zote kwa pamoja. Tukangoja. Ya kwanza ikatakata, maji matupu. Ya pili bado kahawia, ikachukua muda mwingine kama uleule. Basi iodini haiongezi kasi hata kidogo. Inasubiri asetoni ijibadilishe kwanza. Ni foleni ya jerikeni tu: bomba likitoa maji kidogo kidogo, kuongeza watu hakuongezi maji. Wanafunzi wakageuka kumtazama mwenye tai. Alikuwa anafuta kiatu.

Afande akaniita ofisini.

"Madamu, kemia unaijua, sikatai. Lakini umemwaibisha mwenzako mbele ya watoto. Hapa tunataka nidhamu."

Kazi akapewa tai nyekundu. Nilirudi nyumbani nina hasira. Kumbe uongo ukichorwa kwa chaki za rangi unaitwa nidhamu, na anayeupima ndiye mkosefu.

Muhula haujaisha, simu ikaita. Afande, sauti imelainika.

"Madamu, binti yangu yuko darasa lilelile. Kemia inamshinda kabisa, hata haelewi anafundishwa nini. Naomba uje nyumbani Jumamosi umsaidie. Ila tafadhali, isijulikane shuleni."

Mama alikuwa kitandani ananitazama. Dawa zilikuwa zinakaribia kwisha, na hilo nililijua vizuri kuliko yeye.

"Afande," nikamwambia, "binti yako ana mwalimu. Si ulimpigia makofi wewe mwenyewe?"