Pipa la Maji ya Bahari

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikiosha vyombo katika hoteli moja mjini Kisii. Nilikuwa mjane na bado kijana, na mtoto wangu wa pekee nilimwacha kwa mama yangu huko chini ziwani nilikozaliwa. Kisii nilikuwa mgeni. Ekegusii sikukijua, kwa hiyo jikoni tulisemezana Kiswahili, kila mtu na chake.

Mwenye hoteli alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na sote tulimwita Mama. Hakupiga kelele hata mara moja. Alikusuta kwa sauti ileile aliyoombea chakula, halafu akaendelea na shughuli zake.

Siku moja lori lilileta tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Mama aliliona Mombasa, akalitaka, akalinunua. Alikuja nalo Mhindi mmoja aliyeuza samaki wa pambo, na samaki wenyewe walikuwa ndani ya mifuko ya maji: wa manjano, wa milia, na mmoja mdogo wa buluu kama wino. Tangi likawekwa ukumbini, mahali wageni walipokuwa wakila. Yule Mhindi akauliza nani atakayewatunza.

Mama akatutazama sisi wafanyakazi. "Nani hapa anajua samaki?"

Vichwa vyote viligeuka kwangu.

"Mjaluo si yuko," Mama akasema. "Mtu wa samaki ni huyu."

Nilimwambia kwamba kwetu samaki tulimjua akiwa ameshakufa. Tulimpara magamba, tukamkausha, tukamla. Bahari sikuwahi kuiona. Mama alitabasamu, akasema basi nitajifunza kumpenda akiwa hai.

Mhindi alikuwa mtu mvumilivu, akanifundisha. Samaki wale hawaishi katika maji ya mto wala ya mfereji. Kila baada ya muda unawatolea sehemu ya maji yao yaliyochoka na kuwatilia mapya, nayo hayo mapya lazima uyatengeneze mwenyewe. Chumvi yake si ya jikoni. Ilikuja kwenye mifuko mizito, nyeupe, yenye chenga. Maji yalikuwa ya mvua, na mvua Kisii haijapata kuwa shida. Uliacha ile ya kwanza ioshe mabati, ndipo ukakinga. Ulimimina kwenye pipa la plastiki, kwa sababu chuma kingewadhuru, ukatia chumvi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko mkubwa wa mti. Halafu ulitumbukiza kioo chembamba chenye alama, kikaelea, na pale maji yalipofika kwenye alama nyekundu, chumvi imetosha.

"Usiwape siku hiyohiyo," Mhindi aliniambia. "Maji yakichanganywa sasa hivi ni makali, yanawachoma matamvua wanayopumulia. Acha yatulie, koroga tena, mpaka uone mkono wako chini ya pipa."

Hilo halikunipa taabu. Mama na wapishi walikuwa Wasabato. Ijumaa kabla jua halijazama walifunga kazi zao, na hoteli ikabaki na sisi wachache wa makanisa mengine, tukipasha moto chakula walichotuachia. Kwa hiyo nilichanganya maji Ijumaa mchana, nikaweka pipa nyuma ya jiko lisipate baridi, Sabato ikapita, Jumapili asubuhi nikabadilisha. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Samaki walicheza, wageni wakasogeza viti wawaone.

Nami nilikatazwa kuonekana. Mama ndiye aliyewarushia chakula wageni wakiwapo, vidole vyake vikiwa na pete, huku akieleza jinsi alivyo na mkono wa samaki. Mimi nilipita ukumbini kabla hapajafunguliwa. "Unanuka," aliniambia, ingawa samaki wale hawakuwa na harufu yoyote. Na kila nilipomaliza kuchanganya, aliniletea kikombe. Kioo cha Mhindi hakukiamini. "Onja. Nyinyi ulimi wenu unajua." Nilionja, nikasema sawa. Akanitaka nimeze. Nikameza.

Mpishi mkuu, mtu wa Keumbu, aliliona jambo hilo mara nyingi. Alikuwa mwema kwangu, alinifichia ukoko na mchuzi. Lakini kikombe kilipokuja aligeuka, akaanza kukata vitunguu.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Umeme ulikatika, mashine iliyopuliza hewa ndani ya maji ya samaki ikanyamaza, na tangi likafanya ukungu wa kijani. Jumamosi asubuhi, tukiwa jikoni mimi na msichana wa kusafisha vyumba tu, Mama aliingia akitoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Ilikuwa ajabu kumwona jikoni siku ya Sabato. Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa njiani, angekula chakula cha mchana pale na watu wake.

"Badilisha maji," akasema.

"Mama, sijachanganya. Hii wiki chumvi ilichelewa."

"Changanya sasa."

"Hayatakuwa yametulia. Yule Mhindi alisema—"

"Bahari hutulia lini?" akaniuliza, akasimama hapo hapo mlangoni kunitazama.

Nikachanganya. Chumvi haikutaka kuyeyuka katika maji baridi, nikaongeza ya moto kutoka kwenye birika. Kioo kiliibuka juu kupita alama nyekundu, chumvi imezidi, nikamwonyesha. Alisema nitie ya mfereji, nikatia ya mfereji. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Niliyachota kwa ndoo, nikatoa nusu ya yale ya zamani, nikamimina haya. Kwa kitambo kidogo tangi lilionekana safi kuliko jana, na Mama akatikisa kichwa akiridhika, akaenda kubadilisha nguo.

Mimi nilibaki nikiwatazama. Wale wa milia walianza kujisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele. Wa manjano walipanda juu wakahema, midomo wazi. Yule wa buluu alizunguka, akazunguka, akajipiga kwenye kioo, kisha akalala ubavu. Niliingiza mikono nikamshika, sijui nilidhani nitamsaidiaje. Nilisikia magari yakisimama nje, nikakimbia jikoni.

Kutoka jikoni nilisikia viti, salamu, vijiko vya supu. Halafu sauti nene ya mwanamume: "Mama, samaki wako naona wameiva."

Watu walicheka. Mama pia alicheka, tena kwa muda mrefu kidogo kuliko wao. Ndipo nikasikia akisema, bila kupandisha sauti: "Wameiva, Mheshimiwa. Kuna mtu wangu hapa wa ziwani, atatuonyesha wanavyoliwa kwao."

Alikuja jikoni akiwa na bakuli. Ndani yake alikuwa amewatia samaki wote. "Wakaange," akasema.

Niliwapara. Walikuwa wadogo, magamba yao membamba kama ngozi ya kitunguu, na ile rangi ilibaki mikononi mwangu kama haikuwa yao. Msichana wa vyumba alilia, nikamwambia aondoke. Mafuta yalipopata moto niliwatia, wakajikunja. Mama alinisubiri. Akaweka ugali baridi wa jana pembeni mwa sahani, akaniambia nimfuate.

Nilisimama mbele ya meza yao na sahani mkononi. Walikuwa wanaume watano au sita, wamevaa suti, na mkubwa wao katikati amefungua kifungo cha shati. Hakuna aliyenipa kiti. Mama alisema, "Kula."

Nilikula kama tunavyokula nyumbani, nikianzia kichwani, taratibu, mifupa nikiitema pembeni ya sahani. Mwanzoni walicheka. Mmoja aliuliza kama huwa tunakula na macho, nikala macho. Kisha kicheko kikapungua, kwa maana mtu akila mbele yako muda mrefu hivyo mchezo unaisha na kunabaki kula tu. Wawili wakaanza kuzungumza habari za barabara. Lakini hakuna aliyesema imetosha. Yule mkubwa alinitazama mpaka mwisho, akichokonoa meno.

"Watamu?" akaniuliza.

"Hawana chumvi, Mheshimiwa," nikamjibu.

Aliinamia sahani yake. Mama alinipokonya yangu, akaniambia nikaoshe vyombo. Nilitapika nyuma ya jikoni, kwenye migomba, nikanawa uso, nikaosha vyombo.

Jumapili mpishi wa Keumbu alirudi, akasimuliwa. Alichukua ungo, akapepeta unga.

"Samaki imekwisha yote?" akauliza.

"Yote."

"Wewe ungekataa, dada."

"Wewe ungekataa?"

Aliendelea kupepeta, hata ule unga uliokuwa umeshapepetwa.

Sikuondoka. Ningeenda wapi, na mtoto wangu alikuwa akila kwa kazi ile? Haukupita mwezi Mhindi akaleta samaki wengine, akataka kujua wale wa kwanza walikufa na nini. Mama akamjibu kabla yangu: "Huyu aliwala." Mhindi alicheka akidhani ni mzaha. Aliponigeukia nimweleze kweli, nilisema ilikuwa baridi.

Nilichanganya maji hadi mvua za mwaka uliofuata. Ndipo binamu yangu aliyeuza dagaa sokoni Magwagwa akaniita tuuze pamoja. Mama hakuniuliza ninakwenda wapi. Alikuwa tayari amempata msichana mwingine wa kwetu, hata miaka ishirini hajatimiza, aliyeshuka kwenye basi na viatu vipya vinavyombana.

Siku yangu ya mwisho nilimwonyesha kila kitu: mvua ya kwanza uiache, mwiko wa mti, alama nyekundu, Ijumaa mpaka Jumapili. Alikuwa mwepesi wa kushika. Alikoroga huku akinitupia macho, kisha akaniuliza kwa lugha yetu, akishusha sauti:

"Mama ni mtu mzuri?"

Mama alikuwa ukumbini, tunamsikia akimwambia mgeni kuhusu mkono wake wa samaki.

"Anapenda samaki wake," nikamwambia.

Msichana akafurahi. Nikamwachia mwiko, nikaenda kufunga nguo zangu, maana basi la Magwagwa lilikuwa linajaza abiria.