Tableti ya Marehemu

Jirani yangu wa gatini ni nahodha aliyefiwa na mkewe. Mashua yake ya tanga haina chombo maalumu cha ramani. Anatumia tableti ya marehemu, ameifunga kwa mpira kando ya usukani. Jua likiwaka inachemka na kuzima, naye huvua kofia akaifunika, upara wake ukaungua.

“Kaka, nunua chombo cha kweli,” nilimwambia. “Hii itakuzamisha.”

Akaipangusa kwa kiganja, taratibu, akanionyesha mstari mwekundu uliopenya kati ya miamba. “Safari yetu ya mwisho. Yeye anasoma ramani, mimi nashika usukani. Nikikosea, ananiambia, ‘Kulia, mume wangu.’”

Jana tableti ilikataa kuwaka kabisa. Nilimkuta ameipakata, tanga bado limekunjwa.

“Shemeji yako ameondoka tena,” akasema.