Redio Ambayo Haikutangaza Kazi

Kwetu hapa Lubumbashi kaneno kamoja kanatosha: ku. Ku redio, ku televizyo, ku gazeti, ku telefone, basi, mtu ameelewa na maisha yanaendelea. Waingereza hawakuona hivyo. Gazeti ni karatasi, unaweza kulitandika chini ukalikalia, lakini wao wanasema habari iko ndani yake, in. Redio ina tumbo, ina waya na betri, ukiifungua unaona kweli kuna ndani, lakini wanasema juu yake, on. Nani aliwakosea watu hawa? Nilikuwa nikitoka darasani kichwa kinaniuma, nikifika nyumbani Katuba nachukia hata redio ya jirani.

Sikujifunza Kiingereza kwa kupenda. Duka nililokuwa nikifanyia kazi lilikuwa limefungwa, na bwana yangu alisema wazi: nisipopata kazi nyingine, tunaacha nyumba ya Katuba, tunaenda kuishi kwenye shamba letu kule Annexe, pembeni ya mji, kushika jembe. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli. Nimezaliwa Katuba, nimebatizwa Katuba, na jembe silipendi, nasema bila haya.

Halafu shemeki yangu, dada ya bwana yangu, akaleta habari. Yeye anauzisha bukari, ugali wetu, kwa madereva, nje ya ukuta wa tajiri mmoja wa Kivu ya Kaskazini anayepeleka bidhaa Zambia kwa malori.

"Patron anatafuta muntu wa kukaa ku telefone," akaniambia. "Dereva akikwama kule Sakania ku mpaka, unaelezea bantu ya Zambia mu Kiingereza. Wende haraka, bantu habayajua bado."

Hivyo ndivyo habari zinavyotembea mjini kwetu. Tunaiita redio trottoir, redio ya kando ya barabara. Haina umeme wala mtangazaji, na mara nyingi inazishinda zile zingine zote.

Nikakimbilia kwa mwalimu wangu wa Kiingereza, bwana mmoja aliyesomea Zambia, anayetufundisha alasiri kwenye ukumbi wa parokia. Akasema, "Batakuuliza hii tu: ulisikia wapi habari ya kazi? Jibu: I heard about it on the radio." Nikasema in the radio. Akagonga meza. Nikasema at the radio. "Mama, unataka kuniua?" Nikamwuliza, na kama nilisikia kwa mtu je? Akasema hiyo ni ya somo lingine, kwanza tumalize hii. Basi wiki nzima nilipika nikisema on, nilifua nikisema on, mpaka bwana yangu akaniuliza kama hiyo ni rozari mpya.

Siku ya mahojiano patron alifunga macho akaomba kwanza. Kando yake alikaa mama mmoja wa Zambia, mshirika wake wa upande ule. Ni yeye aliyeuliza, kwa Kiingereza cha polepole, habari ya kazi hii niliipata wapi. Patron alikuwa ananitazama, anatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja kitu anachokijua. Nami moyo ukaruka, maana swali lilikuwa lile lile. Sentensi ikatoka nzima, on imekaa mahali pake.

Patron akaacha kutabasamu. "Redio gani, mama? Sisi hatukutangaza ile kazi fasi yoyote."

Nilitaka kusema. Ukweli ulikuwa pale nje, nyuma ya ukuta, unasonga bukari. Lakini kwa Kiingereza sikujua naanzia wapi, na Kiswahili, lugha niliyonyonya, siku ile nacho kikanikimbia.

"Haya, mama, asante ya kuja," akasema. "Ile kazi ni ya kutuambia kile dereva amesema, hivyo tu, bila kuongeza kitu." Mlangoni yule mama wa Zambia akanisifu, eti Kiingereza changu ni safi. Usafi huo niufanyie nini?

Nje, shemeki aliponiona aliacha mwiko.

"Balikuuliza nani alikuambia?"

"Baliuliza."

"Ukanitaja?"

Shemeki akapangusa mikono kwenye kikwembe chake. "Miye njo nilikuombea kazi kwa patron. Anakula hapa kwangu kila siku. Alisema, ule mama aseme tu ni weye ulimutuma, kazi iko yake. Sikukuambia, niliwaza utasema tu vile ilikuwa."

"Nilisema redio," nikamwambia.

Nilitamani anigombeze. Nilitamani anirushie hata ule mwiko, nimalize hasira yangu kwake badala ya kubaki nayo. Alifunika sufuria yake taratibu.

"Basi," akasema, "redio ikupe kazi."

Walichukua mtu mwingine. Nasikia anavunja Kiingereza vipande vipande, na malori yanafika. Sisi tulihama Katuba kabla ya mvua. Hapa Annexe ninalima mahindi, mikono imeota sugu, na mtu akiniuliza kwa Kiingereza habari niliyoisikia redioni, sikosei hata kidogo. Hakuna anayeniuliza. Shemeki anakuja kututembelea Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa maji, anatupa habari za watu wote wa Katuba. Za kazi haniambii tena.