Pini Nne za Utepe Mwekundu

Asubuhi ile tuliianza kwa ugomvi wa chai. Mpishi wa kambi alitumiminia chai isiyo na sukari, nami nikamwambia kwamba maji ya moto hata mama yangu kijijini anayo. Luteni Baguma akacheka mpaka akajimwagia chai butini. Alikuwa rubani wangu. Nasema wangu kwa sababu sisi mafundi wa silaha tuligawiwa ndege, na kila ndege ilikuja na mtu wake. Yeye aliirusha, mimi, Sajini Olal, niliifunga mabomu.

Huo ulikuwa uwanja mdogo wa kaskazini, wakati wa vita na waasi. Sasa nimestaafu, nakaa Nakawa, na goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Lakini kazi ile bado ninayo vidoleni.

Bomu likiwa chini ya bawa huwekewa pini yenye utepe mwekundu. Pini ikiwemo, rubani abonyeze kitufe mpaka kidole kichubuke, bomu halitoki. Ndege ikifika mwanzo wa barabara ya kurukia, fundi huchomoa pini, husimama mbele ya rubani na kuziinua juu. Rubani huzihesabu kwa vidole. Mabomu manne, pini nne, vidole vinne. Wakati huo ameshafungwa mikanda na chini ya bawa haoni. Anachokiona ni mkono wa fundi tu, na anauamini.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, waasi walikuwa wamemteka Atim, binti wa dada yangu, akitoka shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Dada aliniletea ujumbe mmoja tu: "Wewe uko jeshini. Fanya kitu." Baguma alilijua jambo hilo. Ndiye aliyeniombea ruhusa ya kwenda kumwona dada.

Basi chai haijapoa, amri ikaja.

"Olal, funga nne," Baguma akaniambia. "Waasi iko mingi kule bondeni. Wanasema wako na watoto, wale wa kutekwa."

"Watoto, afande?"

"Ndiyo wanasema." Hakunitazama usoni.

Nilifungua kisanduku cha akiba, nikatoa pini nne kuukuu ambazo tepe zake zilikuwa zimekatika. Nikazichomeka kwenye mabomu, na zile zenye utepe nikazitia mfukoni. Kwa miaka mingi nilizoea kusema kwamba mikono ilifanya yenyewe. Uongo mtupu. Nilifanya mimi, kwa akili timamu, na nilikuwa nikimwona Atim mbele yangu na sare yake ya shule.

Barabarani nikainua zile pini nne za mfukoni. Baguma akainua vidole vinne, akaruka.

Nikaenda kwenye kibanda cha redio kusubiri. Hapo ndipo nilipomsikia askari wetu.

Kumbe bondeni kulikuwa na kikosi chetu kidogo, kimezingirwa tangu alfajiri. Ndege haikutumwa kuwinda. Ilitumwa kuwaokoa wenzetu, na sisi mafundi hakuna aliyetuambia.

"Ndege tunaiona," sauti ilisema. "Piga! Piga sasa!"

Baguma akapita. Hakuna mlipuko.

"Mbona hapigi?"

Akapita tena, chini zaidi. Nikamsikia: "Bomu imekataa. Bomu imekataa."

Akapita mara ya tatu, chini kabisa, kuwatisha waasi kwa kelele tu, maana bunduki ya ndege ile ilikuwa mezani kwangu, imefunguliwa kwa matengenezo.

"Piga, ndugu yangu," ile sauti ikasema, polepole sasa.

Haikusema tena.

Ndege ilirudi na matundu bawani. Baguma akashuka, akainama, akaziona pini zisizo na utepe. Akazigusa moja moja, zote nne. Nilijua kwamba neno lake moja lingenipeleka mahakama ya kijeshi, na mahakama hiyo wakati wa vita haikuwa na subira.

"Toa hizi, weka zenye utepe," akasema. "Haraka, kabla wakubwa hawajafika."

Kisha akafungua kitabu cha ndege na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: hitilafu ya umeme. Askari wanne wa kikosi kile walikufa. Waliobaki walitoka kwa kutambaa kwenye nyasi.

Baguma alisimamishwa kuruka kwa nusu mwaka. Wenzake walimwita mtembeza mabomu, hata wale wasiojua kufunga mkanda vizuri, nami nikakaa kimya kama maiti. Baadaye alirudishwa angani na kuruka mpaka vita vikaisha. Akawa kapteni, akawa meja, akapelekwa nje kusoma. Alipopewa kikosi cha ndege, amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila rubani aguse pini kwa mkono wake kabla ya kupanda, na zichomolewe palepale mbele ya macho yake. Mafundi walinung'unika: afande hatuamini sisi mafundi. Mimi sikunung'unika. Mwisho akawa brigedia, na ofisi makao makuu ya jeshi, Mbuya, na mtu wa kumfungulia mlango. Tukikutana tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Ya pini hakuyataja hata siku moja.

Atim alirudi baada ya miaka minne. Niliacha apone kwanza, kisha siku moja nikamwuliza kuhusu lile bonde.

"Bonde gani, mjomba? Mimi walinivusha mpaka wa nchi wiki ileile ya kwanza. Huko sikufika."

Nikatoka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia mpaka kuku wakanikimbia. Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, wakala wana wa watu. Wapo watoto waliokuwa bondeni siku ile, na labda baadhi yao wako hai leo. Siku nyingine hilo hunisaidia kulala. Siku nyingine wala.

Mwezi uliopita Brigedia Baguma aliniita nyumbani kwake Mbuya. Kisukari kimemla mguu, amekaa kwenye kiti na blanketi.

"Kuna mama sokoni Nakawa, anauza dagaa," akasema. "Mwanawe ndiye aliyekuwa kwenye redio. Kila mwaka nakwenda kumwona, namwambia ndege iliharibika. Sasa siwezi kwenda."

"Kwa nini hukunisema, afande?"

"Siku ile wanne walikuwa wameshakufa. Wa tano wa nini?" Akavuta blanketi. "Lakini nimechoka kumdanganya yule mama, Olal."

Mama mwenyewe nilimjua. Nimenunua mukene, hao dagaa wake, mara ngapi! Huniita mzee wa goti. Ilinichukua wiki tatu kutembea mwendo wa dakika kumi.

Juzi Alhamisi nikaenda. "Mama," nikasema, "ile ndege haikuharibika. Ilikuwa nzima. Niliiharibu mimi." Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Kopo lake la kupimia lilibaki limezama kwenye dagaa.

"Huyo binti alirudi?"

"Alirudi, mama."

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Wangu hakuacha hata mmoja." Akachota dagaa, akawarudisha. Nilitamani anitukane. Nilitamani soko zima lisikie.

"Jumapili umlete," akasema. "Pamoja na hao watoto. Nataka kuwaona kwa macho yangu."

Atim anakaa Kibuli, anashona nguo. Hajui lolote. Kwa miaka yote hii huwaambia wanawe kwamba babu yao wa Nakawa alikuwa askari safi, hakuua mtu, alitengeneza ndege tu.

Leo ni Jumamosi. Nimempigia asubuhi, nikamwambia ajiandae kesho na watoto, kuna mtu nataka wamsalimie.

"Sawa, mjomba," akasema, na cherehani ikinguruma nyuma yake. "Tunakwenda kwa nani?"